Vitasa Thelathini na Kimoja vya Mama Funguo

Wifi yangu hajui kukaa. Nimefanya naye kazi kibanda kimoja miaka kumi na minne, ubao mmoja tu unatutenganisha, na nimemwona amekaa siku moja. Anakula wima. Anaongea na simu huku anatembea. Akichonga ufunguo, mguu mmoja uko ndani na mwingine uko barabarani. Mteja akichelewa kuutoa ufunguo mfukoni, yeye ameshatoka, ameshasalimia watu watatu, ameshagombana na wa nne, na amerudi. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya makalio. Nadhani ndiyo maana tunaelewana.

Watu wanamwita Mama Funguo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa vitasa. Wifi alikuja kwetu bibi harusi mwenye kucha ndefu, na sitaki kudanganya, sikumpenda. Nilimwona ana haraka mno. Siku ya tatu ya ndoa alikuwa ameshahamisha vyombo vya mama yangu jikoni bila kuuliza mtu. Tulinuniana mwaka mzima. Kisha kaka akaanza kuumwa macho, na fundi wa funguo asiyeona meno ya ufunguo ni fundi wa nini? Yule mwenye haraka akakata kucha, akasimama nyuma yake, akawa macho yake. Kaka anashika tupa, yeye anasema, "Kidogo kushoto. Hapo. Acha." Kaka alipofariki, wengi walidhani mashine itauzwa. Wiki ya tatu baada ya mazishi wifi alifungua kibanda peke yake, na mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeuvunja ufunguo wangu ndani ya kitasa kwa makusudi. Mpaka leo hajui. Au anajua na ananistahi.

Kaka alimwachia sheria mbili. Ya kwanza: usichonge ufunguo wa mlango usiouona. Mtu akija anataka nakala, hata awe na mvi mpaka za masikioni, wifi anashusha pazia la kibanda, anamfuata mpaka kwake, anaujaribu ufunguo mwenyewe, anatazama nani yuko ndani, ndipo anarudi kuchonga. Wateja wanalalamika. "Mama Funguo, unanishuku?" Yeye anajibu, "Sikushuku, nausalimia mlango." Sheria ya pili: ufunguo usio na nakala si ufunguo. Mmoja unao wewe, mwingine anao mtu unayemwamini, kwa sababu siku ya kupoteza haipigi hodi. Funguo za akiba za nusu ya mtaa wetu ziko kwenye droo yake, na zangu zimo.

Sasa, wifi na kaka walijaliwa mtoto mmoja, binti, anayefanya kazi ya kompyuta katika mji mwingine. Huyu ndiye aliyetuletea vitasa vya simu.

Mwisho wa barabara yetu kuna jengo la ghorofa mbili, vyumba thelathini na kimoja, vyote vya kupangisha. Mwenye Jengo alikuwa amechoshwa na wapangaji wanaohama na funguo. Binti akamshauri aweke vitasa vinavyofunguka kwa simu: mpangaji akihama anafutwa, mwingine anaandikwa, biashara imekwisha. Wifi ndiye aliyevifunga vyote kwa mkono wake, siku sita, akipanda na kushuka ngazi kama hana magoti. Likabaki swali moja. Nani atakuwa mkubwa wa vitasa, mwenye kuandika na kufuta watu? Binti akasema mkubwa atakuwa jina. Akamsajilia mama yake jina kwenye kitu wanachokiita blokcheni, na jina lenyewe likawa hilohilo la mtaani, Mama Funguo, limeandikwa kwa kuunganishwa.

Sikuelewa, akaja upande wangu wa ubao kunieleza.

"Shangazi, fikiria daftari moja lililonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani kote. Kikiandikwa kitu, kimeandikwa kote. Hakuna wa kukifuta, hata umhonge. Humo imeandikwa kwamba jina hili ni la Mama. Vitasa vyote vinasoma hapo. Mwenye jina ndiye mkubwa wa milango."

"Na likiibwa?"

"Haliibwi."

Nikamtazama. Akajikuna shingo, kama baba yake alivyokuwa akijikuna.

"Linaibwa kwa njia mbili tu. Mtu apate maneno yake ya siri, au Mama amkubalie mtu jambo bila kulisoma."

"Ofisi ya kwenda kulalamika iko wapi?"

"Hakuna ofisi, Shangazi. Huo ndio uzuri wake."

Mimi niliona huo ndio ubaya wake. Nikanyamaza, maana watoto wa siku hizi ukiwapinga wanakuchorea mchoro.

Hayo maneno ya siri yalikuwa kumi na mawili, ya Kiingereza, yasiyo na maana yakikaa pamoja, yameandikwa kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Anayeyajua yote anaweza kulichukua jina popote alipo. Binti alimwambia mama yake asiyapige picha, asiyaandike kwenye simu, na asimwonyeshe mtu, hata yeye mwenyewe. Kilichofuata nilikijua baadaye. Wifi aliona karatasi ni chakula cha mende. Akachukua funguo kumi na mbili ambazo hazijachongwa, akazigonga kwa vile vyuma vyake vya herufi, kila ufunguo neno lake, akazitundika ukutani kwenye misumari aliyoijua yeye tu, katikati ya funguo nyingine mia nne, neno likiangalia ukuta. Karatasi akaichoma. Ukimuuliza, anakujibu mpaka leo: ufunguo utauficha wapi kama si kwenye funguo?

Chumba cha kumi na tisa, ghorofa ya kwanza, alipanga Nesi. Msichana mkimya, alihamia na begi moja na kiti kimoja. Siku alipoleta sare yake niipunguze kiuno aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba alikuwa ameolewa na ameondoka, na hataki mtu ajue anakoishi. Nikampunguzia sare. Baada ya wiki chache akaileta tena niipunguze zaidi.

"Fundi," akaniuliza siku hiyo, "hivi mtu anaweza kusahau mahali alipokiacha kikombe chake?"

"Mimi nasahau mpaka mkasi ulio mkononi."

Akacheka kidogo. Siku nyingine akaja akasema kiti chake alikiacha kinaangalia dirisha, akakikuta kinaangalia mlango. Taulo lilikuwa bichi. Alikuwa ameangalia simu yake, nayo ilimwonyesha kuwa aliyefungua mlango ni yeye peke yake. Simu ya mpangaji huonyesha yake tu, lakini wakati huo mimi ningejulia wapi? Nikamcheka. Nikamwambia, "Zamu za usiku zinakutafuna, mwanangu, lala." Wahenga walisema lisemwalo lipo, na mimi mtu mzima, mwenye mdomo wa kushauri mtaa mzima, nilimcheka. Nikikumbuka kicheko hicho naona aibu, na siku nyingine nazima cherehani kabisa nikikikumbuka.

Basi ikafika ile Jumanne. Saa tatu asubuhi wifi alikuwa anafuta vumbi ukutani kwa kitambaa, anaimba, anamjibu mtu wa barabarani, yote kwa pamoja. Ghafla kimya. Kwa wifi yangu, kimya ni kelele. Nikainua kichwa.

"Nani ameshika hapa?"

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Safu ya tatu, ufunguo mmoja ulikuwa umegeuka. Palikuwa na herufi juu yake. Ndipo aliponivuta kwa mkono mpaka nyuma ya mashine, akaninong'oneza habari yote ya funguo kumi na mbili.

"Huu ni wa saba. Neno linaangalia nje."

"Si uugeuze."

"Wifi! Mtu amesoma!"

"Mbona hakuna kilichoibwa?"

"Ndiyo ubaya wake! Ufunguo ukiibwa msumari unabaki mtupu, unajua umeibiwa. Neno likiibwa linabaki hapohapo, linakutazama!"

Akampigia binti yake, akitembea kutoka kibandani mpaka kwa muuza viatu na kurudi. Hata mimi niliyekuwa nimekaa nilimsikia binti akipiga kelele. "Ukutani, Mama? Ukutani?" Wakarushiana maneno, kisha wakashauriana. Dawa ilikuwa kufungua pochi mpya ya mtandaoni yenye maneno mapya kumi na mawili, na kulihamishia jina humo leo hiihii, kabla mwingine hajalihamisha. Jina likishahama, maneno ya zamani yanabaki kuwa chuma tu. Lakini kila kitasa kina orodha yake ndani. Wifi angepaswa kwenda mlango kwa mlango, akionyeshe kila kimoja simu yake kisome upya nani mkubwa, na aitazame orodha. Akikuta mtu asiyehusika, amfute palepale.

Akaanza kubonyeza simu, midomo ikisoma kila neno. Na mimi, nikiwa nimeshika pindo la gauni la mtu, nikakumbuka.

Jana yake jioni skrubu ya mguu wa cherehani ilikuwa imelegea. Bisibisi yangu sijui ilikokwenda. Nikapitisha mkono juu ya ubao, nikachomoa ufunguo wa kwanza uliokuja, nikakazia skrubu, nikaurudisha. Hata sikuona kama una neno. Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi nguo ndiye mimi.

Nikafungua mdomo niseme. Palepale wifi akasema, bila kuinua macho, "Aliyeushika ufunguo huu, nikimjua, namkata mkono."

Nikaufunga. Nikajiambia hakuna hasara, jina litahama, nitamwambia jioni moyo wake ukishatulia. Lakini moyo wa wifi yangu haujawahi kutulia tangu aolewe, na nilikuwa nalijua hilo vizuri.

Saa tano kasoro jina lilikuwa limehama. Karatasi ya maneno mapya akaikunja, akaitumbukiza kifuani.

"Twende."

"Nani atashona?"

"Gauni haliibi mtu. Twende."

Nikaenda. Ilikuwa dhambi yangu inayotembea.

Vyumba vya chini ni kumi. Mlango wa kwanza akatoka bwana mmoja amejifunga taulo. "Nasalimia mlango tu," wifi akasema, akasogeza simu kwenye kitasa, kikalia mara moja, orodha ikatokea: bwana na mkewe. Sawa. Wa pili sawa. Wa tano kulikuwa na mstaafu aliyetaka kwanza aelezwe blokcheni ni nini, na wifi akamwambia ni kitu cha kumzuia mtu asiulize maswali mlangoni. Wa nane watoto walikuwa wamepaka gundi kwenye kitasa. Wa kumi sawa. Kila mlango uliokuwa sawa ulinipa mimi nafuu na ulimpa yeye wasiwasi zaidi, kwa sababu alikuwa na hakika mwizi yupo, na asipoonekana hapa yuko mbele.

Kwenye ngazi nikamshika kanga. "Wifi, kuna jambo nataka kukuambia."

"Utaniambia juu."

Alikuwa ameshaziruka ngazi mbili. Juu nikajaribu tena, akasema niko kumi na mbili, usinipoteze hesabu. Kumi na tatu, sawa. Kumi na tano, hayupo mtu, orodha sawa. Kumi na nane, mama mmoja akatupa maji ya kunywa, mimi nikanywa, wifi akaishika glasi yake bila kuonja, akamrudishia.

Kumi na tisa. Nesi alikuwa kazini. Wiki hiyo alikuwa zamu ya mchana, anatoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri. Wifi akasogeza simu. Kitasa kikalia.

Akaisoma orodha. Akaisoma tena. Mara ya tatu akaisogeza simu mbali na macho, kama wanavyofanya wenye umri wetu.

"Wifi. Hapa kuna mtu."

Orodha ilikuwa na watu wawili. Wa kwanza Nesi. Wa pili hakuwa na jina, ni mlolongo wa herufi na tarakimu. Pembeni paliandikwa siku alizofungua. Zilikuwa nyingi. Ya mwisho ilikuwa leo, saa mbili na nusu asubuhi.

Niliona kiti kinachoangalia mlango kana kwamba nimo ndani ya chumba kile. Wifi akamfuta yule mtu. Kidole chake kilibonyeza kitufe cha kufuta mara tano, wakati mara moja ingetosha. Kisha akaupiga mlango kwa kiganja.

"Wewe! Kama umo humo toka! Nimekufuta!"

Majirani wakachungulia. Ndani kimya. Wifi alikuwa na uwezo wa kuufungua mlango ule kwa simu aliyoishika, na sikuwahi kumwona akitamani kitu kama alivyotamani kuufungua. Hakuufungua. Fundi haingii chumba ambacho mwenyewe hayupo; hiyo hata sheria haikuwa, ilikuwa kabla ya sheria. Akampigia binti yake.

Binti akafungua lile daftari lake lisilofutika, huko aliko. Tukasikia vidole vyake vinagonga kompyuta. Kisha akasema polepole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele za asubuhi.

"Mama, hakuna aliyeyatumia maneno yako kumi na mawili. Jina lilikuwa mikononi mwako muda wote. Ila kuna ruhusa. Mwezi huu, tarehe nne, saa nane na dakika kumi na moja mchana. Mtu alifanywa msimamizi wa jina. Anaweza kuandika watu kwenye kitasa chochote bila mpangaji kuulizwa."

"Nani kampa?"

"Imetoka kwenye simu yako, Mama."

Wifi akageuka akatazama chini uani, kwenye karo la kufulia. Akatazama muda mrefu. Nilimwona akikumbuka, jambo moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma.

Tarehe nne alikuja kibandani mwanamume nadhifu, mpole, ana kovu kwenye nyusi. Akataka nakala ya kitasa cha simu, chumba cha kumi na tisa, amehamia kwa mkewe. Wifi akafuata sheria: nionyeshe mlango. Wakapanda. Mlango ulikuwa wazi. Yule bwana akavua viatu kizingitini, akavipanga vizuri, akasimama hapo kama mwenye nyumba. "Mke wangu yule anafua," akasema, akanyoosha kidole uani. Na kweli Nesi alikuwa karoni, ameinama, povu mpaka viwikoni. Kwa kawaida mpangaji ndiye hukubali kwa simu yake mwenyewe mtu wa pili aandikwe. Bwana akasema simu ya mkewe imezima, iko kwenye chaji, ila ana njia fupi. Akatoa simu yake yenye kile kipicha cha miraba. Wifi akakipiga picha kwa simu yake. Ukajitokeza ukurasa wa Kiingereza kirefu, na chini yake kitufe cha Kubali.

Kulikuwa na mteja mwingine anamsubiri kibandani. Wifi alibonyeza Kubali.

"Nilijua ni nakala tu," akaiambia simu. "Nakala ya mlango mmoja. Ufunguo nikimchongea mtu, wa kwangu haupungui. Miaka yote hii nakala haijawahi kunichukulia kitu."

"Hukumpa ufunguo wa mlango, Mama," binti akasema. "Ulimpa mashine ya kuchongea."

Wifi akakata simu, akamaliza vyumba kumi na viwili vilivyobaki, kwa sababu kazi ni kazi, na mimi nikimfuata nyuma. Vyote sawa. Yule mwanamume alikuwa na mamlaka ya milango thelathini na mmoja, na akautaka mmoja tu. Ruhusa yake ilikuwa imekufa tangu saa tano kasoro jina lilipohama. Mgeni wa orodhani naye amefutwa. Kazi ilikuwa imekwisha, tungeweza kurudi kibandani tukala.

Wifi akashuka mpaka ghorofa ya kwanza, akafika kwenye ngazi iliyo mbele ya chumba cha kumi na tisa, akakaa.

Sikuamini. Alikaa kabisa, makalio kwenye saruji, mikono magotini, miguu imetulia. Nilimwogopa. Nikakaa pembeni yake.

"Ngazi ishirini," akasema. "Toka hapa mpaka karoni. Nimezihesabu sasa hivi. Ningeshuka nikamuuliza, huyu ni mumeo? Ningetumia dakika moja."

Haraka haraka haina baraka, nimemwimbia methali hiyo tangu ana kucha ndefu. Siku hiyo sikuwa na moyo wa kuitamka.

"Wifi," nikasema badala yake, "ule ufunguo wa saba niliugeuza mimi. Nilikazia skrubu ya cherehani. Hakuna aliyesoma chochote. Nilinyamaza tangu asubuhi kwa sababu nilikuogopa."

Akanigeukia polepole. Nikauweka mkono wangu wa kulia mgongoni, maana ulikuwa umeshahukumiwa.

"Wewe?"

"Mimi."

Alinitazama mpaka machozi yakamlenga. "Na usingeugeuza?" akasema. "Ningekuwa kibandani sasa hivi naimba, wifi. Na yeye kesho saa mbili na nusu angeingia tena."

Hakunikata mkono. Akaniomba nikamletee kitasa cha shaba cha kaka, kile kilichokuwa juu ya rafu tangu afariki, pamoja na drili na patasi. Nikaleta. Akavipanga chini, akaendelea kukaa. Tulikaa hapo tangu saa nane. Watu walipita wakituruka. Mara mbili nilidhani amelala, kumbe anautazama mlango.

Nesi alipanda saa kumi na mbili jioni, begi begani, viatu vya kazini mkononi. Alipotuona akasimama.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae hapa. Nina kosa nataka kulisema."

Akalisema. Hakulipamba, hakusingizia kudanganywa wala mtandao. Alisema, "Nilimpa mimi, kwa kidole changu, wewe ukiwa pale chini unafua, na sikushuka kukuuliza." Akamweleza siku zilizokuwa kwenye orodha. Nesi alisikiliza huku anaangalia viatu vyake.

"Alivua viatu mlangoni?"

"Alivua. Akavipanga."

"Ndiye." Akaviweka viatu chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo kikombe kilihama kweli?"

"Kilihama, mwanangu."

"Sikuwa naumwa."

"Hukuwa unaumwa hata kidogo."

Nesi akafunika uso kwa viganja, akalia, na katikati ya kulia akacheka, akalia tena. Mimi nikasema, "Na mimi nilikucheka. Nisamehe." Hakunijibu, na sikustahili jibu siku hiyo.

Mwenye Jengo aliitwa. Asubuhi yake tulikwenda polisi wote watatu, na binti akatuma kurasa za lile daftari zikiwa na saa na dakika. Kosa la wifi yangu lilikuwa humo mbele ya kila mtu, na alilisoma mwenyewe kwa sauti kwa askari. Lakini jioni hiyo kilichokuwepo ni mlango. Wifi akaingia na Nesi, wakatazama kila pembe, hata chini ya kitanda. Akakitoa kitasa cha simu, akachimba kwa patasi, akakifunga cha shaba. Alifanya kazi ile taratibu. Akapima, akapima tena. Nilisimama nimemwangazia taa ya simu nikifikiri, kaka, ungemwona.

Kitasa cha kaka kilikuwa na funguo mbili. Wifi akampa Nesi mmoja. Wa pili, kwa mazoea ya miaka yote, mkono wake ukautia mfukoni mwa aproni.

Nesi hakuushusha mkono.

"Na huo mwingine, Mama."

Wifi alisita. Nilijua sheria ya pili inapigana ndani yake: ufunguo usio na nakala kwa mtu unayemwamini. Kisha akauelewa mkono ule ulionyooshwa. Akautoa ufunguo, akaufuta kwa pindo la aproni, akauweka juu ya wa kwanza.

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka ndani mara moja, ukazunguka mara ya pili. Wifi akaweka kidole kwenye ubao wa mlango, akausukuma kidogo, kama anavyoijaribu milango yote aliyowahi kuifunga.

"Nani?" Nesi akauliza kutoka ndani, kwa ukali.

"Ni mimi, mwanangu."

Hakufungua.

"Vizuri," wifi akasema. Akachukua drili yake, akashuka ngazi moja moja mpaka uani, na mimi nikatangulia nikamsubiri chini.